Tundu la Milimita Moja

Wewe umewahi kuona geji ya presha ya oili ikipanda wakati injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako?

Basi nisikilize kwanza, utanicheka baadaye.

Nina digrii ya uhandisi mitambo. Iko ndani ya bahasha ya kaki mwaka wa tatu huu. Kila ofisi: "Experience, five years." Hiyo experience ningeipatia wapi, tumboni mwa mama? Jioni ile kaka yangu alinituma kitu chepesi tu: nenda gereji, nichukulie gari, tunaondoka saa mbili, shemeji yako na watoto wameshafunga mizigo.

Gari hilo kaka alikuwa amelifungisha turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, ya kununua, siyo ya kiwandani. Tangu siku hiyo, moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi.

Nilimkuta mwenye gereji, ambaye kila mtu anamwita Mkuu, ananawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Gari la kaka yako limechezewa," akasema. "Mara tatu nafungua, mara tatu moshi. Kuna mtu hawatakii mema. Nimelizungushia chumvi, sasa liko sawa."

"Mkuu, hii turbo ni ya gololi, inazungukia vitufe vya chuma, inataka oili kidogo. Kile kizuizi cha shaba kwenye bomba la oili, chenye katundu, kiko wapi?"

"Kipo. Katundu kenyewe jicho la sisimizi! Kiwandani walikosea. Nimekapanua kwa drili, mashine inywe ishibe."

Ishibe! Turbo ni mbuzi?

"Presha ikizidi, oili inavuka sili, zile pete za kuizuia, inamwagikia chuma cha moto. Gari litawaka na watoto wamo ndani!"

Akanipima juu mpaka chini. "Msomi, wewe umefunga turbo ngapi?"

Sifuri. Akanirushia ufunguo, akaenda zake.

Giza lilikuwa linaingia. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, simu mkononi. Nimpigie kaka nimwambie nini? Naye angeniuliza swali lilelile.

Tik.

Geji ambayo bomba lake limeunganishwa mdomoni mwa turbo… mshale ukasogea. Ishirini. Arobaini. Sitini.

Injini kimya.

Kisha harufu. Siyo ya oili. Nywele zinazoungua.

Chini ya gari, ndani ya shimo la mafundi, chuma kikagonga chuma. Tang… tang…

Nikashuka, nikawasha tochi ya simu. "Nani?"

"Zima," sauti ikanong'ona. "Macho yangu hayana kope."

Nikazima.

Mkono ukatokea shimoni. Umejikunja kama plastiki iliyopita motoni. Kiganjani, kizuizi kipya cha shaba.

"Milimita moja," ikasema. "Nilimwambia Mkuu. Akanicheka, eti fundi wa juzi… Watoto wangapi, bwana mdogo?"

"Wawili."

"Fanya haraka."

Nilitoa kile kilichopanuliwa, nikafunga kipya gizani, kwa kupapasa, jasho likinichoma macho. Yeye ananong'ona karibu na sikio langu: ile pete ya shaba, washa, kwanza… usikaze sana… hapo. Hapo panatosha. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

Nikawasha injini. Geji ikatulia chini. Moshi ukatoka, ukapungua, ukakata.

Nikamulika shimo.

Tupu. Hata nyayo hakuna.

Kaka alisafiri, akafika salama. Mimi asubuhi nikamfuata Mkuu. "Nani alifia kwenye shimo lako?"

Kikombe kikamtoka mkononi. "Nani kakwambia?"

"Nijibu, Mkuu."

"Alikuwa fundi wangu… Majini yalimchoma moto. Wakaguzi wa moto walikuja, wakaandika chanzo hakijulikani. Kila mtu anajua ni majini."

"Gari lililokuwa juu yake lilikuwa na turbo ya gololi?"

Akainama sakafuni.

"Tundu lake ulilipanua?"

Akaokota vigae vya kikombe, kimoja kimoja, bila kunitazama.

Nilidhani yameisha. Jana kaka alipiga simu. "Mdogo wangu, gari limezimwa uani, geji inasoma sitini. Na kuna kitu kinagonga chini yake." Nilikwenda, nikafungua, nikapima. Kizuizi kizima, tundu lile lile. Sielewi yule fundi wa shimoni anataka nini tena kwetu. Ila wakati nafunga boneti nilimsikia, kwa mbali… anahesabu magari. Alifika kumi na moja, akaendelea.

Kwa hiyo Mkuu, na ninyi wakaguzi mlioandika "chanzo hakijulikani" bila kulegeza hata nati moja: acheni kuwasingizia majini. Toeni orodha ya kila gari lililopitia drili ile. Wapigieni wenye magari simu. Leo, kabla hawajapakia watoto.