Mchokonozi Apiga Hodi

Mchokonozi alikunja miguu yake ya chuma uani kwa Shangazi Kezia, akachomeka sindano ndefu ardhini na kuitikisa. Kazi yake ilikuwa kuiga tetemeko, kisha kusikiliza. Mchanga uliolowa ukishikana, nyumba itasimama. Ukiachiana, ardhi inageuka uji na nyumba inazama kama biskuti kwenye chai. Mtaa wa Ziwajipya, Kigoma, ulijengwa wote juu ya mchanga uliomwagwa ziwani, na tangu masika ardhi ilikuwa ikitingishika kila mara.

Taa ikawaka kijani, kama ilivyowaka kwa majirani wote. Sasa Mhandisi Yusta, aliyeiunda mashine hiyo, alikuwa amebakiza kutia saini tu ili mpango wa kuwahamisha watu ufutwe. Lakini mkono ulisita. Mchanga wa kumwaga hauwi mgumu vile hata ukiombewa.

Akamuuliza shangazi yake kama kuna mtu aliyechimba pale. Shangazi akacheka. Si Yusta mwenyewe aliyeifundisha mashine adabu, itume hodi mapema, iseme itachoma wapi na ipande kibendera? Sasa mgeni akipiga hodi, nani hafagii? Mtaa mzima ulikuwa umesukuma saruji ya majimaji chini ya vibendera, kwa mabomba ya visima.

"Tulisikia kwamba penye udongo laini mnabomoa nyumba," alisema Shangazi. "Tukakaza mnapogusa. Ulitaka tuhamie wapi, mwanangu? Mawinguni?"

"Na pembeni ya kibendera?"

"Pembeni hamkupiga hodi."

Yusta hakucheka. Aliamuru Mchokonozi achome hapo hapo, karibu na ngazi ya jikoni, bila hodi. Sindano ikateleza chini kama kijiko kwenye mtindi. Taa ikawa nyekundu. Akafungua simu awaamuru watu wote watoke, na kabla hajasema neno, sufuria zikaanza kugongana jikoni. Maji ya kijivu yakabubujika uani.

"Mchokonozi, acha kutikisa," alisema.

"Nimeacha zamani," Mchokonozi akajibu.

Ukuta wa jikoni ukashuka polepole, mzima mzima, dirisha likiwa bado limefungwa vizuri. Shangazi Kezia alikuwa amezama hadi magotini, ametoa macho, mzaha wote umemwisha. Yusta akaushika mkono wake ili amvute, lakini naye hakuwa na pa kukanyagia.