Alama Iliyorudi Nyuma

Saa tisa na dakika kumi alasiri, injini ya gari la mashindano la timu ya shule ilifika mizunguko elfu tatu kwa dakika, ikakohoa, ikapoteza nguvu. Ilikuwa mara ya nne juma hilo. Kaisa Lahti, mwenye umri wa miaka kumi na tatu, aliandika namba hiyo kwenye kiganja, kisha akainua macho kumtazama Brody Tervo.

Brody alikuwa dirishani akila mkate uliojazwa nyama na viazi, theluji ikianguka nyuma yake. Ndiye aliyekaa na ufunguo wa karakana. Ndiye pia aliyekitaka kiti cha dereva, lakini akapewa Kaisa. Mashindano juu ya barafu ya ziwa yalikuwa Jumamosi, na leo ilikuwa Alhamisi.

"Mbona unanikodolea macho? Unataka mkate?"

"Jumatatu jioni injini ilikuwa nzima. Jumanne imeharibika. Nani alifungua hapa Jumanne asubuhi?"

"Mimi. Kuondoa theluji mlangoni, mheshimiwa hakimu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kaisa akasema kwa sauti, ili Mwalimu Harju, msimamizi wa timu, asikie.

Mwalimu alisikia. Akaweka spana chini. Kanuni ilijulikana: anayegusa injini kwa siri anatoka kwenye timu.

"Brody, umesogeza kihisi cha cheche?"

"Sijakigusa, Mwalimu. Wallahi sijakigusa."

"Kaisa, una ushahidi gani?"

"Ana ufunguo, na ana kinyongo."

"Hizo ni sababu za kumshuku. Nimeuliza ushahidi."

Kihisi kilikuwa kando ya flaiwili, gurudumu zito la injini. Kila sumaku ya flaiwili ilipopita, kihisi kilituma ishara, na kompyuta ndogo ikawasha cheche kwa kuifuata. Mwalimu alimpa Kaisa taa ya taimingi, ambayo humulika kila cheche inapowaka na kuonyesha alama ya flaiwili iko wapi.

"Kama kimesogezwa," alisema, "cheche itachelewa kwa nyuzi zile zile za mzunguko, injini iende polepole au kasi. Pima."

Kwenye mizunguko elfu moja, alama ilikuwa nyuma kwa nyuzi mbili.

"Si nilisema!" Kaisa akadakia.

"Endelea."

Kwenye elfu mbili, nyuzi nne. Kwenye elfu tatu, sita.

Kaisa alipima tena. Namba hazikubadilika. Kihisi kilichosogezwa hakiwezi kuzidi kurudi nyuma kadiri injini inavyokimbia. Ishara ilikuwa inachelewa kwa muda ule ule kila mara, ila gurudumu lenye kasi husafiri mbali zaidi katika muda huo.

Basi ni kitu gani kilichoichelewesha ishara? Ndipo akakumbuka. Jumatatu jioni, kelele za umeme wa plagi ya cheche zilikuwa zinairukisha ishara, naye akaweka kapasita kubwa zaidi, kile kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, kwenye kichujio kinachosafisha ishara. Aliijaribu injini ikiwa polepole tu. Ishara ilitoka safi. Kumbe ilitoka safi na kuchelewa. Na katika kitabu cha timu, ambamo kila mkono huandika ulichogusa, hakuwa ameandika kitu. Aliona ni jambo dogo.

Brody alikuwa ameacha kula.

"Ni mimi," Kaisa akasema. "Nilibadilisha kapasita ya kichujio. Sikuandika. Brody, nisamehe."

"Kumbe nguo zenyewe zilikuwa zako!" Brody akacheka, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. "Sogea, nikushikie taa."

Walirudisha kapasita ndogo, wakaufunika waya wa kihisi kwa wavu wa shaba wa kuzuia kelele hizo na kuupitisha mbali na waya wa plagi. Uchelewaji kidogo uliobaki, Mwalimu aliwaonyesha jinsi ya kuiagiza kompyuta iuondoe katika hesabu yake.

"Kichujio hakikosi gharama," aliwaambia. "Ukisafisha ishara, unalipa kwa muda. Hilo hukulijua, Kaisa, na si kosa. Kosa ni kuficha ulichogusa, kisha kumtwika mwenzako lawama. Kanuni ingekutoa, ila umekiri mwenyewe, kwa hiyo unabaki kwenye timu. Anayeshuku aanze kupima kazi ya mikono yake mwenyewe."

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, injini ilipita mizunguko elfu tatu na mia tano bila kukohoa. Alama haikusogea. Kaisa aliandika mabadiliko yote kitabuni, kuanzia lile la Jumatatu, na chini yake Brody akatia sahihi ya shahidi.