Mtaa Aliousifia Gwen

Rochelle, rafiki yangu wa Pittsburgh, hasemi tena na Gwen, shoga yake wa tangu shule. Siku ya Halloween, watoto wanapovaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba, alimuuliza ni mtaa gani mzuri wa kumpeleka bintiye Tessa kuomba peremende.

"Nenda kule kilimani, shoga! Wanagawa chokoleti nzima nzima. Wewe angalia taa ya mlangoni tu. Ikiwaka, piga hodi. Ikizimwa, ujue watoto wamewatosha."

Kweli, giza lilipoingia taa zote kilimani ziliwaka. Lakini hapakuwa na mtoto mwingine, ila majani makavu yaliyokwaruza lami. Walipiga hodi nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili nayo kimya, ingawa nyuma ya mlango mtu alisikika akihema.

"Mama, twende zetu," Tessa alinong'ona ndani ya kinyago chake cha bundi.

Rochelle akampigia Gwen kwa hasira, amuulize amewatuma wapi.

Simu ya Gwen ikaita nyuma ya mlango uleule. Ikakatwa.

"Huyu anatosha," sauti ya Gwen ikasema mle ndani, taratibu.

Hapo taa za milangoni zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine, mtaa mzima.