Mwaka Usiochongwa

Jumamosi ya Septemba, katikati ya Plovdiv, kupata pa kukaa ni bahati. Watu hujazana kwenye ngazi zinazotazama uwanja wa Warumi uliozama chini ya barabara ya maduka, wakila aiskrimu na kuchekana viatu. Zlatina aliona nafasi moja, akaikalia upesi. Alivaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, na macho yalikuwa mekundu kidogo. Alfajiri dada yake, Iskra, alipiga simu kutoka Valencia kusema hatakuja tena, kazini wamemnyima ruhusa. Safari yao ya watu wawili ilikuwa imekwisha kulipiwa.

"Samahani dada, hapo pana mtu," sauti ya kiume ilisema juu yake.

"Mtu gani? Mimi nimekuta mfuko wa mbegu za alizeti."

"Mfuko ni wangu. Nilikwenda kunywa maji."

"Basi uambie mfuko wako usogee."

Mwanamume akacheka, na Zlatina akaona jino lake la mbele lililovunjika pembeni. Kazi ya Zlatina ni kutengeneza meno ya bandia. Mtu akicheka mbele yake, yeye huanza kupima.

"Hilo jino linazibika," alimwambia.

"Liache, wageni hunitambua kwalo. Nawasubiri mabibi wawili niwapeleke Hisarya. Wamechelewa kweli, sijui wanajipaka nini."

"Mabibi wawili hawaji. Amekuja mmoja, naye ndiye aliyekukalia mbegu."

Hivyo ndivyo walivyojuana. Kamen Tsonev, mtembeza wageni kwenye magofu, shati lake jeupe limepigwa pasi mbele tu, mgongoni mikunjo mitupu. Zlatina aliiona mikunjo ile na kujiambia kwamba huyu anaishi peke yake. Moyo wake ulifurahi, akauonea haya.

Njiani walipita mashamba ya zabibu yaliyokuwa yakivunwa. Zlatina alikaa kiti cha mbele, maana kiti cha nyuma kilimfanya ajione mzigo. Hisarya walitembea chini ya ukuta mwekundu wa Warumi hadi lango kubwa ambalo watu huliita Ngamia. Pale kivulini wakala banitsa, andazi la jibini ambalo Zlatina alilinunua kwa ajili ya dada yake, wakigombania kipande chenye jibini nyingi.

"Kula wewe," Kamen alisema. "Mimi mgeni hunilisha, mwishowe hunidai."

"Nitakudai nini, una nini?"

"Hadithi za wafu. Njoo nikuonyeshe mmoja."

Uani, nyuma ya makumbusho, kulikuwa na jiwe la kaburi limeegemezwa ukutani. Kamen alisoma Kilatini kwa kidole. Mke, jina lake, umri wake. Kando yake mume, aliyejichongea jina akiwa hai ili alale naye. Lakini pa kuandika umri wa mume palikuwa patupu, jiwe laini kabisa.

"Alikwenda wapi huyu bwana?" Zlatina aliuliza.

"Wageni nawaambia alioa tena, akahamia mjini kwa mke mpya. Hupenda hivyo."

"Na wewe mwenyewe unaaminije?"

Kamen alifuta vumbi kwenye ile sehemu tupu. "Naamini alikufa, na hakubaki mtu wa kumwita fundi."

 Nyumbani Zlatina alikuwa na vikombe sita, na kimoja tu ndicho kilichochakaa. Alimwelewa yule Mrumi kuliko alivyopenda.

Tangu siku hiyo simu haikupoa. Mwanamume akianza kukuuliza umekula nini, jua amekwisha kunasa, na Kamen aliuliza asubuhi na jioni.

"Umekula nini, mwenye meno?"

"Supu. Na wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Utakonda, mpenzi wangu."

Lile neno lilimtoka tu. Kamen akasema polepole, "Rudia." Akarudia. Kila Jumapili walikunywa kahawa pamoja, Zlatina akamshonea vifungo, Kamen akamnunulia skafu ya rangi ya divai. Jambo moja tu: hakumkaribisha kwake hata siku moja, wala Zlatina hakuuliza. Asiyezoea kupewa huogopa kuomba.

Novemba ikaja, na Jumamosi ya Wafu ikakaribia. Ijumaa yake Kamen alisema, "Kesho nina wageni, kutwa nzima." Ulikuwa uongo, na kwa kuwa hakuuzoea, aliusema mara mbili.

Zlatina alikwenda makaburini kama kila mtu, na ngano yake ya kuchemsha yenye sukari, mishumaa na chupa ya divai. Jiwe la mama yake lilikuwa la mtu mmoja, kwani baba alikwenda zake zamani. Alimmiminia divai, akamweleza habari za Kamen hadi akajiona mjinga. Kurudi, alipita njia nyingine kukwepa umati, na hapo akasimama.

Hakulitambua jina kwanza, alilitambua jino. Kwenye picha ya kaure, Kamen alikuwa akicheka kando ya mwanamke mwenye nywele fupi. Alidhani Kamen amekufa usiku uliopita na yeye hakuambiwa. Kisha akasoma. Nevena Tsoneva, mwaka wa kuzaliwa, mstari, mwaka wa kufa. Kamen Tsonev, mwaka wa kuzaliwa, mstari, basi.

"Chukua, mwanangu, kwa ajili ya Nevena wangu."

Bibi mmoja mwenye kitambaa cheusi alikuwa amemnyooshea kikombe cha ngano. Nyuma yake, na ndoo ya maji mkononi, alisimama Kamen.

Ngano ya marehemu haikataliwi. Zlatina alipokea, akatia kijiko mdomoni, akasema inavyosemwa, "Mungu amsamehe," huku machozi yakimtoka. Alimtazama Kamen, akingoja aseme hata jina lake tu. Kamen alitazama ndoo. Zlatina akarudisha kikombe, akaenda zake.

Kuwa na mke aliyekufa, Zlatina angemsamehe. Hata lile jiwe angelielewa. Lililomuuma ni ile ndoo.

Kamen alipiga simu mpaka akachoka, na skafu ikawekwa juu ya kabati. Majira ya baridi yalikuwa marefu. Usiku Zlatina aliacha redio ikizungumza jikoni ili nyumba isikike ina watu.

"Unamwonea wivu marehemu?" Iskra alimuuliza kwenye simu.

"Sina wivu naye. Yeye ana jiwe na ana mtu. Mimi, siku ile, sikuwa hata mpita njia."

"Basi mwambie hivyo yeye, dada yangu. Mimi niko mbali, nitamfanya nini?"

Machi, milozi ilipochanua, simu ya Kamen iliita.

"Nataka safari ya Hisarya," Zlatina alisema. "Mtu mmoja."

Alikaa kiti cha nyuma. Walipofika uani, walisimama mbele ya lile jiwe la Mrumi.

"Niliona aibu," Kamen alianza.

"Najua."

"Si wewe. Nilijionea aibu mimi, kufurahi. Yule mama wa Nevena amebaki nami tu. Fundi wa jiwe aliniuliza, majina mawili? Nikasema mawili. Wiki ile ya msiba sikujua kama kuna kitu kingine mbele."

"Na sasa?"

"Nimemwambia mama mkwe. Nikadhani atanifukuza."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Yule aliyekula ngano akilia? Nilikuwa nikingoja useme mwenyewe.' Kisha akanisonya hadi nikatoka nje." Alimgeukia. "Zlatina, ukitaka nitalifuta jina langu pale. Nitamwita fundi kesho."

Zlatina alitazama jiwe la Mrumi. Alimfikiria mama yake chini ya jiwe la mtu mmoja, na akajua kwamba mwisho wa yote yeye atalala huko, na huyu atalala kwingine. Iliuma, na hakujidanganya kwamba haiumi.

"Usifute," alisema. "Mwisho utarudi kwa Nevena, nami nitarudi kwa mama. Mimi nataka hii miaka iliyo katikati. Chakula, ugomvi, mgongo wa shati lako."

"Na nikitangulia mimi?"

Zlatina aliufungua mkoba, akatoa ile skafu, akaivaa.

"Ukitangulia, mimi ndiye nitakayemwita fundi."