Bajia za Njia Panda

Jumamosi jua likianza kupoa, Nafula hakuhitaji kukumbushwa kazi yake. Alichukua kikapu akapeleka mboga kwa Nyanya Kanta: mchicha mafungu mawili, pilipili za kijani kiganja kimoja na dania tele.

Mboga zilitoka kwenye meza ya mama yake, karibu na lango la nyumba za reli, mtaa wa Makongeni. Lakini ukisema meza ya mama yake, umesema nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa ya Mama Mbeti, jirani yao wa mlango kwa mlango. Mama Nafula alileta sukuma wiki na dania. Mama Mbeti alileta viazi na vitunguu. Meza moja, mwavuli mmoja, na porojo zisizokwisha. Mtu alikuja kununua kitunguu akaondoka na habari za mtaa mzima: nani amehama, nani anachumbiwa, nani ameletewa kabati jipya na bado halijapita mlangoni. Nafula na Mbeti, wote wa darasa la sita, walikulia chini ya meza hiyo.

Jumamosi hiyo ya Novemba, mwaka wa 1996, Mbeti alikuwa na kikohozi, basi Nafula alikwenda peke yake.

Nyanya Kanta aliishi ghorofani, juu ya duka la vitambaa la mwanawe, ng'ambo ya Barabara ya Jogoo. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa papa hapa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chepesi na chenye vicheko. Nafula alipofika alidhani wanahama. Magodoro yalikuwa yameanikwa kwenye ukuta wa roshani. Sufuria zote zilikuwa nje, na Nyanya Kanta, sari ameikunja kiunoni, alikuwa akisugua sinia la shaba kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa kama jua dogo.

"Nyanya, mnakwenda wapi?"

"Sisi hatuendi. Kuna mgeni anakuja!" Nyanya Kanta akacheka. "Kesho ni Diwali. Lakshmi atapita nyumba kwa nyumba. Unamjua Lakshmi? Sisi Wahindu tunamwomba. Ni mama wa neema. Akiingia kwako, chakula kinatosha, kazi inakwenda, watoto wana afya."

"Anakuja na gari?"

"Na miguu yake! Kesho asubuhi nitachora nyayo zake hapa mlangoni na unga wa mchele, zinaangalia ndani, ajue njia." Kisha akainua kidole chenye majivu. "Lakini unga peke yake haufanyi kitu. Yeye anachagua. Nyumba chafu, haingii. Nyumba ya uvivu, haingii. Nyumba ya uongo, haingii hata umchoree nyayo mpaka jikoni."

Nafula alicheka, akapokea kikapu kitupu, akaaga. Alipitia kwa mshona viatu aliyekuwa akishona begi lake la shule, akangoja kidogo, na alipokuwa akirudi kupitia njia panda nyuma ya maduka, alimwona tena Nyanya Kanta. Safari hii alikuwa amevaa sari nzuri, mkononi ana sahani na kikombe cha maji. Alifika katikati ya njia panda, akainama, akaweka chini kitu fulani juu ya jani la mgomba, akamwaga maji kukizunguka, akageuka. Akaenda zake bila kutazama nyuma hata mara moja.

Nafula alisogea. Juu ya jani palikuwa na bajia nane nene za dengu, bado zina moto, zinanukia dania. Dania ile ile aliyoileta yeye!

"Amesahau?" alijiuliza. Lakini mtu hasahau kitu kwa kukimwagia maji. "Basi ametupa." Kutupa chakula kama hiki! Alitazama kulia, akatazama kushoto. Mbwa mmoja mwekundu alikuwa anakuja mbio upande ule ule, naye hakuwa na mpango wa kuuliza maswali. Nafula akamwahi. Alifunga bajia katika lile jani, akala mbili njiani, akafika nyumbani na sita.

"Umezitoa wapi hizi?" mama yake aliuliza.

Neno la kweli lilikuwa fupi: nimeziokota. Lakini Nafula aliona jinsi lingesikika. Mtoto wa darasa la sita, ameokota chakula barabarani kama kuku!

"Nyanya Kanta ametupa," alisema. "Zawadi ya sikukuu yao."

"Ametutumia sote, sisi na kina Mbeti, au?"

Nafula alihesabu bajia kwa macho. Nyumbani walikuwa watano. "Ni zetu sisi tu, Mama."

Mama alifurahi sana, na furaha ya Mama Nafula haikuwa ya kukaa ndani. Alitoka na bajia mkononi akasimama mezani. "Mama Mbeti, unaona mambo? Mama Kanta amenitumia zawadi ya sikukuu! Amesema ni ya kina Nafula."

Mama Mbeti, aliyekuwa akipanga viazi, aliacha kupanga. "Ya kina Nafula peke yao?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na vitunguu anavyokula mwaka mzima ni vya nani? Vinaota kwenye sukuma yako?"

"Ala! Mimi nimemwambia anipe?"

"Sijui umemwambia nini. Wewe ndiye unayemtuma mtoto wako huko. Mbeti wangu akienda, habebi hata ganda la ndizi."

"Mbeti wako anakohoa, kwani ni mimi niliyempa kikohozi?"

Hapo maneno yakafunguka kama gunia lililopasuka. Ikatoka habari ya karai lililoazimwa Pasaka likarudi limebonyea. Ikatoka habari ya nani hufagia chini ya meza na nani husimama tu akipiga soga. Wanawake waliokuja kununua mboga walisahau mboga, wakasogea karibu wasipitwe na neno. Mwishowe Mama Mbeti alikusanya viazi vyake, akakunja mwavuli, ambao ulikuwa wake, akahamia upande wa pili wa lango. Mama Nafula akabaki juani na sukuma wiki zake.

Mbeti alikuwa amesimama mlangoni kwao, shuka begani. Nafula alimwinulia mkono. Mbeti akaingia ndani na kufunga mlango.

Bajia zilizosalia zilibaki kwenye sahani. Hakuna aliyekuwa na hamu nazo.

Jambo baya zaidi alilisikia Nafula asubuhi, wakitoka kanisani. Mama yake alikuwa ametembea kimya njia nzima, yeye ambaye kwa kawaida husimama kila hatua kumi kuuliza mtu hali. Ghafla alisema, "Leo mchana tutakwenda kwa Mama Kanta. Zawadi yake imetuletea balaa, lakini yeye hana kosa. Lazima nimshukuru kwa mdomo wangu."

Nafula akasema haraka, "Mama, yeye leo ana shughuli nyingi."

"Kushukuru kunachukua muda gani?"

Wakaenda. Mama alibeba ndizi mbivu na fungu la dania lililofungwa vizuri kwa ukambaa wa mgomba. Nafula alifuata nyuma. Walipita langoni. Upande huu, meza bila mwavuli, mboga zimelala. Upande ule, Mama Mbeti amekaa juu ya ndoo, anatazama kwingine. Mteja mmoja alisimama katikati, akatazama huku, akatazama kule, asijue anunue wapi bila kumuudhi mtu. Akaamua kwenda zake. Nafula aliyaona yote hayo, na alijua ni mdomo wake uliokata meza ile vipande viwili.

Ngazi za Nyanya Kanta zilikuwa zimeoshwa. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye sakafu nyekundu palikuwa na nyayo ndogo nyeupe za unga wa mchele, kushoto, kulia, kushoto, zikiingia ndani.

"Karibuni! Karibuni! Ingieni, msikanyage tu hapo!" Nyanya Kanta aliita.

Mama aliruka nyayo, akaingia. Nafula akabaki nje.

"Nafula, wewe! Ingia!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Ruka!"

"Nyanya alisema nyumba ya uongo, neema haiingii." Machozi yalikuwa yamekwisha kumjaa. "Mimi ndiye nina uongo. Nikiingia nitamharibia sikukuu."

Mama yake alitaka kusema kitu, lakini Nyanya Kanta alimgusa mkono. Nafula akasema yote pale pale kizingitini: njia panda, jani la mgomba, mbwa mwekundu, bajia mbili alizokula na sita alizodanganya kwamba ni zawadi, na zaidi ya yote, kwamba yeye ndiye aliyesema ni za kina Nafula tu.

Nyanya Kanta akashika kiuno, akacheka mpaka bangili zikalia. "Arre! Umezibeba mpaka nyumbani? Mtoto, unajua zile ni nini? Siku moja kabla ya Diwali sisi wanawake tunatoa ugomvi wote wa nyumbani. Tunakaanga bajia, tunazipeleka njia panda, tunamwagia maji, tunarudi bila kuangalia nyuma. Ugomvi wa mwaka mzima! Mimi na mke wa mwanangu, na kijiko chake kilichopotea, na redio yake ya kelele. Wewe umekuja ukaokota wote!"

Mama Nafula alishika kichwa. "Ndiyo maana! Jana, kabla hata hatujazimaliza, mimi na Mama Mbeti tulitukanana mbele ya watu!"

Nafula akapangusa machozi. "Nyanya, sasa ugomvi huo utatoka vipi?"

Nyanya Kanta aliacha kucheka. Alikuja mlangoni, akakaa chini karibu na zile nyayo, akamtazama usoni. "Sikia. Bajia ni dengu, chumvi na mafuta. Mimi ninapeleka pale ili moyo wangu ukumbuke kuacha. Bajia haina mdomo, haiwezi kumwambia Mama Mbeti kwamba yeye si kitu. Nani alimwambia?"

"Mimi."

"Basi ulichoingiza ni uongo, si bajia. Na uliouingiza wewe unaweza kuutoa. Huhitaji njia panda. Nenda mlango wa pili."

Mama hakumpiga Nafula, wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Utaanza wewe. Kisha nitasema na mimi, maana mimi ndiye niliyekwenda kutamba na bajia mkononi."

Nyanya Kanta aliwafungia vitamu vya maziwa na chevda, ule mchanganyiko mkavu wa karanga na pilipili, katika karatasi mbili, akazipima kwa mikono, hii na hii, mpaka zikalingana. "Hizi nimetoa mimi," alisema. "Ukiulizwa, sasa una jibu."

Mama Mbeti alikuwa bado juu ya ndoo yake walipofika. Nafula alikwenda peke yake, mama yake akisubiri hatua chache nyuma. Watu wa mtaa ambao jana walishuhudia vita, leo walitafuta sababu ya kupita hapo polepole.

"Mama Mbeti, nilidanganya," Nafula alisema, tena kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa ugomvi nao ulisikika. "Nyanya Kanta hakutupa kitu. Niliziokota bajia njia panda. Hakuna mtu aliyekusahau. Naomba unisamehe."

Mama Mbeti akainuka kwenye ndoo. "Uliziokota?"

"Ndiyo."

"Barabarani?"

"Ndiyo. Nilimwahi mbwa."

Midomo ya Mama Mbeti ilianza kutetemeka. Alijaribu kuizuia, ikamshinda. "Kwa hiyo mama yako," alisema huku akicheka, "jana alikuwa ananitambia chakula cha mbwa!"

"Na nilikula moja!" Mama Nafula alisema kutoka nyuma.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Lakini na mimi nilizidisha mdomo," Mama Mbeti alisema, akipangusa macho kwa leso. "Karai la Pasaka! Nilitafuta wapi maneno yale?" Mbeti akatokea mlangoni, kikohozi na yote. "Niaje, muokota bajia?" alisema, na Nafula akajua mambo yamekwisha. Dakika chache baadaye mwavuli ulikuwa umefunguliwa mahali pake pa zamani, na yule mteja aliyeondoka mikono mitupu alirudi, akanunua sukuma na vitunguu pamoja.

Jua lilipokuwa linashuka, Nafula alifagia nje ya milango yote miwili bila kuambiwa, akapiga deki chumba chao mpaka saruji ikang'aa.

"Tuchore nyayo?" Mbeti alimnong'oneza. "Unga upo?"

Mama Nafula alisikia. "Hizo ni za Mama Kanta na imani yake," alisema. "Sisi tumeomba asubuhi kanisani kwetu. Lakini kufagia si kwa Wahindu peke yao, wala kusema kweli."

Hapo hapo Mama Mbeti aliingia bila kubisha hodi, kama alivyozoea miaka yote, amebeba chai birika zima na fungu lake la vitamu. Nyuma yake wakaja majirani wawili waliosema wamepita tu kusalimia, na watoto ambao hawakutoa sababu yoyote. Chumba kikajaa, kelele zikapanda.

Nafula alitazama sakafu yake. Miguu ya Mama Mbeti, yenye vumbi la sokoni, ilikuwa imeacha alama juu ya saruji yenye unyevu: kushoto, kulia, kushoto, kutoka mlangoni hadi ndani.

Alinyakua kitambaa apanguse. Mama yake akamshika mkono.

"Ziache," alisema. "Jana mlango huu ulikuwa safi pia, na hakuna aliyeingia. Ukisema kweli na kuomba radhi, mwanangu, watu huingia kwako, na neema huja pamoja nao."

Nafula akaweka kitambaa chini, akaenda kutafuta vikombe.