Aliyeitika Chumba Namba Saba

Chumba namba saba kilikuwa kitupu, kimefungwa, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa msimamizi wa nyumba, yule ambaye wakazi walimwita Mama Funguo. Lakini asubuhi ile alipogonga, kwa mazoea tu ya mkono, ndani mtu aliitika.

"Nipo."

Akajiambia ni jirani. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, ukikohoa huku unapewa pole kule. Akaendelea na mizunguko yake, ila daftarini alama ya namba nane aliiweka kwenye mstari wa tisa.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa tatu, ya watu waliowahi kukosa pa kulala: waliotoka chini ya madaraja, waliotoka hospitali ya wagonjwa wa akili wasipate wa kuwapokea, wazee ambao watoto wao walihama bila kuaga. Kila mmoja alipewa chumba na kitanda. Na sheria moja haikuwa na mjadala: kila siku saa tatu asubuhi msimamizi agonge kila mlango, amsikie mtu akiitika, ndipo aweke alama kwenye daftari. Asiyeitika, mlango unafunguliwa. Basi, hakuna zaidi.

Sasa mimi simtetei mwanamke huyu. Goti lilimuuma, sawa. Ngazi zilikuwa nyingi, sawa. Lakini kabla ya asubuhi ile, siku tatu mfululizo alikaa chini na chai yake, akawawekea alama watu wa juu bila kupanda. Na kule juu, namba saba, alikaa mzee mmoja aliyekuwa fundi saa. Siku ya nne jirani akauliza mbona Fundi Saa hashuki. Walimkuta sakafuni, amekufa, mkono umenyooka kuelekea mlangoni.

Daktari alisema huyu hakuanguka jana, midomo imepasuka kwa kiu. Mama Funguo akasema jana alimwitikia vizuri. Daktari akamtazama, akatazama daftari, akaandika alichoambiwa. Dada wa marehemu naye akaambiwa hivyo hivyo, tena kwa nyongeza, kwamba kaka yake aliitika huku anacheka. Dada akamshika mikono yote miwili, akamshukuru. Shukrani ile ndiyo iliyomla. Heri angetukanwa.

Basi kesho yake, baada ya ile "Nipo" ya kwanza, namba saba ikaitika tena, na chini ya mlango ikapenya harufu ya mafuta ya saa na ya kinywa kilichokauka. Akafungua. Godoro tupu, dirisha, ukuta. Hakumwambia mtu, angemwambia nini?

Wiki ya pili alimgongea Mshonaji, mama mtu mzima wa namba nne, akaitikiwa, akaweka alama, na alikuwa ameshaukamata mkono wa ngazi pale aliposhtuka, maana sauti ilikuwa ya Mshonaji kabisa lakini harufu iliyomfuata ilikuwa ile ile ya juu, ya mafuta na kiu, akarudi mbio na goti lake bovu, akahangaika na funguo zikimponyoka, akafungua, akamkuta mama wa watu amelala chali, sukari imemshuka, macho wazi, meno yamekaza.

Gari la wagonjwa lilimwahi. Jioni, hospitalini, Mshonaji alimvuta karibu.

"Sikuitika mimi, mdogo wangu," alinong'ona. "Aliyeitika alisimama nyuma ya mlango, ananitazama, kidole mdomoni."

Tangu hapo Mama Funguo hakuamini tena sikio lake. Watu kumi na wanne, na yeyote angeweza kukata roho huku mwingine akimwitikia. Akawa anafungua kila mlango bila kungoja, na wakazi wakamjia juu. Mmoja alikutwa amevaa soksi tu, akaapa atahama.

Ndipo alipomleta mganga. Alikuja mchana, mkoba kwapani, akapanda hadi juu, akanusa mara moja tu, kisha akaomba daftari. Mama Funguo alimuuliza kama hatafukiza kitu.

"Ubani ninao," mganga akasema, "lakini la kuvunda halina ubani. Siku tatu uliandika humu mna mtu anaitika, na hapakuwa na wa kuitika. Wenzetu hawa wasioonekana wakiona nafasi imewekwa, wanaingia. Mwite uliyemdanganya, umwambie yote, hapa hapa mlangoni. Ukibakiza, naye atabaki."

Dada wa marehemu alikuja siku ya pili yake. Mama Funguo aliipanga kauli yake tangu alfajiri, lakini alipoyaona macho yale, yaliyovimba na bado yanamwamini, ulimi ukamsaliti.

"Dada, nisamehe. Siku ya mwisho sikupanda. Siku moja tu."

Dada alilia sana. Kisha akamkumbatia, akasema binadamu ni binadamu na goti ni goti. Wakagonga pamoja. Kimya. Mganga, aliyekuwa amesimama kando, alikataa kuyapokea malipo yake.

Wiki nzima nyumba ilitulia. Mshonaji akarudi, chumba namba saba kikapata mtu mpya, na asubuhi kila mtu akaitika kwa sauti yake. Mama Funguo akaanza kula tena.

Yeye alikuwa akiishi na mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja na kulala mwaka wa pili sasa kwenye kitanda cha dirishani. Jioni moja akarudi nyumbani kutoka kazini, akasimama mlangoni pa chumba cha mama yake kama mtoto aliyelelewa vyema.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu," mama yake akajibu kutoka dirishani.

"Nipo," mama yake akajibu tena, kutoka nyuma ya mlango.

Harufu ikamfikia. Akakaa chini kwenye ukumbi, akatoa simu, akampigia dada wa Fundi Saa, na machozi yalikuwa yameshamlowesha kidevu kabla haijapokelewa.

Dada alifurahi kumsikia. Akasema tangu aambiwe ukweli ule, angalau usingizi umerudi, anamwombea Mama Funguo kila siku. Kisha akauliza kulikoni.

Mama Funguo alifungua mdomo. Alizihesabu moyoni siku alizobakiza, ya kwanza, ya pili.

"Hakuna kitu, dada," akasema. "Nilitaka kukujulia hali tu."

Nyuma ya mlango mtu akashusha pumzi, kama aliyeambiwa chumba sasa ni chake.