Fundi wa Mabodi Amerudi Gqeberha

"Usinishike, Mornay. Mikono ina gundi."

"Yangu au yako?"

"Yote. Niache nishone."

Zukiswa aliinamia kiti cha ngozi, sindano mkononi. Miaka miwili alimuota mwanamume huyu, na leo kasimama mbele yake, amekonda, ndevu zimemjaa, kama mtu aliyetoka tu kununua sigara.

Karakana ndogo walimoajiriwa wote wawili, hapa Gqeberha, Afrika Kusini, iliunda nakala za magari ya mbio ya zamani, yale ya pua ndefu na milango miwili. Mornay alitengeneza mabodi ya faibaglasi, Zukiswa alishona viti. Walipendana humo humo, vumbi jeupe usoni. Kisha Mornay akaenda Australia kutafuta maisha, akaahidi kumwita. Baadaye simu zake zikakatika. Tangu hapo, kila harufu ya faibaglasi mbichi ilipopanda, Zukiswa aligeuka kumtazama mtu asiyekuwepo.

"Mumeo hajambo?" Mornay aliuliza.

"Mume gani?"

"Zuki, usinichezee."

"Mimi niolewe na nani? Na viti hivi?"

Mornay akatoa simu, akamwonyesha ujumbe: *Zukiswa ameolewa. Mheshimu mumewe, usipige tena. Mzoxolo.*

Kaka yake Zukiswa.

"Nilitupa laini siku ileile," Mornay alisema. "Niliogopa nitakupigia nikilewa."

"Na leo umefuata nini?"

"Bosi hana fundi wa mabodi."

"Mwongo."

"Nilitaka nikuone. Hata ukiwa wa mtu."

Zukiswa alimpigia kaka yake hapohapo, akaweka spika ili Mornay asikie.

"Kaka, mume wangu anaitwa nani?"

"Zuki, tuongee nyumbani."

"Jina lake tu, Kaka."

"Mama alikuwa ndiyo kwanza amepata kiharusi," Mzoxolo alisema. "Kumbeba naweza. Kumwogesha je? Akiniona na beseni analia kwa aibu. Ungeondoka, ningefanyaje?"

"Ungeniambia nibaki, ningebaki. Ila ningebaki nina mtu wa kumngoja!"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kaka Mzoxolo, ni mimi, Mornay."

"Umekuja kumchukua?"

"Hapana. Nimekuja kukaa."

Zukiswa akakata simu. Hasira zikamgeukia aliyesimama mbele yake.

"Na wewe! Neno moja la kaka yangu, ukanitupa? Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Niliogopa ungesema ni kweli."

Alimpiga kifuani kwa ngumi, akampiga tena, kisha akabaki palepale kifuani pake akilia, gundi ikimshika shati. Mornay hakusogea.

Jumamosi iliyofuata wajomba wa Mornay kutoka mtaa wa Gelvandale walisimama naye nje ya geti la akina Zukiswa, mtaani KwaZakhele, wakaita kwa sauti kuleta posa, kama desturi inavyotaka. Mzoxolo alifungua mwenyewe, macho chini. Mornay akampa mkono. Mzoxolo akaupokea, akaushika kwa mikono yote miwili.

Chumbani, mama alimkazia macho mgeni.

"Ndiye huyu?" aliuliza, ulimi mzito.

"Ndiye, Mama," Zukiswa alijibu.

"Mbona umechelewa hivi, mwanangu? Huyu binti ameniogesha miaka yote hii huku akilia, akidhani sioni."

Mornay alipiga magoti kando ya kitanda. Zukiswa akapiga magoti pembeni yake, akamshika mkono.